Simu ya Droo

Siku iliyofuata arobaini ya kaka yangu Idi, mwanawe Yusufu alikaa mkekani akitenga vitu vya baba yake. Kanzu huku, za kupewa watu. Redio huku. Fimbo nyeupe aliishika kwa muda, kisha akaisimamisha nyuma ya mlango, pale pale ilipokuwa ikikaa siku zote, kama vile mwenyewe atatoka sasa hivi na kuipapasa. Halafu akavuta soksi ya sufu kutoka chini ya godoro, na ndani ya soksi mlikuwa na simu. Soksi ilinuka mafuta ya karafuu aliyokuwa akijipaka magotini wakati wa baridi.

"Shangazi, hii ni ya kutupa," Yusufu akasema. "Haiwaki. Na hata ikiwaka, nani anatumia simu ya hivi siku hizi?"

Nikamwambia anipe. Niliiweka mapajani nikakaa nayo. Alichokisema si kipya. Simu hii iliwahi kukaguliwa mbele yangu nikiwa mtoto, ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alikuwa na la kusema. Mimi ndiye niliyeelewa vibaya kuliko wote. Na mpaka leo, sina hakika kama nimeshaelewa vizuri.

Tulikuwa tukikaa Majengo, kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga iliyozunguka ua mmoja wenye bomba moja. Mama aliuza mtama, uwele na karanga sokoni. Baba alikuwa amekwenda Kolo kwao kwa ajili ya mavuno, kama alivyofanya kila mwaka, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu: Mama, mimi, na Idi aliyekuwa likizo. Idi alisoma Buigiri, kwenye shule ya watoto wasioona. Upepo wa miezi ile ya katikati ya mwaka Dodoma mnaujua. Unapasua midomo, unaingiza vumbi hata kwenye chungu kilichofunikwa, na asubuhi watu wanaota jua ukutani kama mijusi.

Mimi nilizaliwa nikamkuta Idi haoni. Surua ilimchukua macho akiwa bado anatambaa. Mama alikuwa akisimulia, si mara nyingi, kwamba kabla ya hapo alikuwa akifuata mwanga wa kibatari kwa macho, ukikipeleka huku anageuka huku. Baada ya surua, Mama alimzungusha hospitali, akamzungusha kwa waganga, akapewa maji ya zamzam na mtu aliyetoka kuhiji akamwosha nayo uso. Kisha akaacha. Nilipopata akili mimi alikuwa ameshaacha. Mimi nilichokijua ni mkono wa Idi kwenye bega langu la kushoto. Akiwa nyumbani, bega hilo lilikuwa lake. Tulikwenda hivyo dukani, msikitini mpaka mlangoni, kwa kinyozi, mimi mbele yeye nyuma, na magauni yangu yote yalianza kuchakaa upande huo. Akirudi Buigiri bega lilikuwa jepesi mpaka likaniudhi. Nilikuwa nikilala siku ya kwanza nimeligandamiza ukutani.

Ndipo akaja Baba Mdogo Hamisi. Alikuwa dereva wa lori, akipakia Dar es Salaam na kushusha Dodoma na Kondoa, na kila safari alikuwa na kitu alichobadilishana au kununua njiani, ambacho alikuwa na hakika kitamtajirisha. Safari ile alikuja na simu. Aliingia uani jioni watu wakiwa wamerudi sokoni, akasalimia, akakaa kwenye kigoda cha kukunia nazi na kuitoa mfukoni kama mtu anayetoa yai.

"Shemeji, njoo uone kompyuta ya kutia mfukoni."

"Kompyuta na wewe," Mama akasema, bila kuacha kupepeta. "Wewe redio yenyewe mpaka uipige makofi ndiyo iseme."

Baba Mdogo akaisukuma kwa dole gumba. Simu ikalia *tak*, ikachomoka ubavuni, na chini ya kioo ukatokea ubao mdogo uliojaa vitufe vyenye herufi. Mama Zuhura, jirani yetu wa chumba cha pili, akarudi nyuma hatua moja.

"Toba! Simu ina droo! Humo ndani unaweka nini, Hamisi, vitunguu?"

Tangu hapo ikaitwa simu ya droo. Baba Mdogo alicheka pamoja nasi, lakini niliona hakuwa na raha. Alikuwa ameipata kwa mwenzake Dar akidhani ataiuza haraka, na sasa hakujua aiuze au aiweke. Mchana alikuwa ameipeleka kwa fundi simu pale sokoni. Fundi aliifungua na kuifunga, akasema ndani yake kuna utepe mwembamba unaounganisha juu na chini, kila ukivuta unasagika, na siku ukikatika hapatakuwa na dawa. Akasema tena kwamba watu wanataka simu za kugusa kioo, na hii ni ya watu wa maofisini wa zamani.

"Sasa nyinyi ni familia yangu," Baba Mdogo akasema. "Niambieni ukweli. Kitu hiki ni kitu au si kitu?"

Ikaanza kuzunguka. Mama aliipima kiganjani kama anavyopima karanga, akasema ni nzito, na kitu kizito hakina hila sana. Mama Zuhura aliiweka sikioni akasema inamjaza shavu. Kijana mmoja mpangaji akasema picha zake zina ukungu. Mimi nilipewa kidogo tu, nikaifungua na kuifunga kwa ajili ya ule mlio, nikanyang'anywa. Baba Mdogo akataka kutuonyesha uzuri wa droo, akafungua mahali pa kuandika ujumbe, akaanza kuandika jina lake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto.

"Mpaka umalize hilo jina," Mama Zuhura akasema, "Zuhura wangu atakuwa ana wajukuu."

"Nipeni na mimi niishike," Idi akasema.

Alikuwa amekaa ukutani, miguu ameikunja, akisikiliza. Baba Mdogo akampa, nadhani kwa kumridhisha tu, maana alishaanza kumwambia Mama habari nyingine. Idi akaifunga. Akaifungua. Akaisogeza karibu na sikio akaifunga na kuifungua tena. Kisha akaiweka mapajani, akapitisha vidole juu ya vitufe polepole, mstari kwa mstari, vile Mama anavyopapasa mtama kutafuta changarawe. Katikati, vidole vikasimama.

"Baba Mdogo, hii ni taipu."

"Taipu gani?"

"Ya shuleni. Tunafundishwa taipu ili tuwaandikie nyinyi mnaoona. Herufi zimekaa vile vile. Tena hata hapa," akagusa sehemu mbili, "wameweka vipele. Mwalimu wetu amedondosha gundi hapa na hapa kwenye mashine zote, ndipo vidole vinapoanzia. Nafasi ya kutenga maneno iko wapi? Aha, hii hapa chini, ndefu."

Akainama, ingawa hakuwa na haja ya kuinama. Vidole vyake vilikuwa vikubwa kwa ule ubao, vikabanana kama vifaranga chini ya kuku, lakini vilikwenda. Havikutafuta. Uso wake ulielekea kwenye bomba la maji, mbali kabisa na simu. Alipomaliza akamnyooshea Baba Mdogo.

Baba Mdogo akasoma kwa sauti, taratibu, na sauti ikimpungua kadiri anavyosoma:

"Shikamoo baba mdogo mimi idi nisomee kama nimepatia."

Bati la bafu lilikuwa likigongwagongwa na upepo. Halafu Mama Zuhura akasema Mashaallah, Baba Mdogo akajipiga paja na kucheka na kusema, "Marahaba, bwana! Umepatia yote! Mimi mwenye macho mawili na leseni sijamaliza jina langu!" Watu wakacheka. Mama hakucheka. Alijifuta mikono kwenye kanga, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Na mimi nilikuwa nimesimama karibu na bomba, na kichwani mwangu limeingia jambo moja, limekaa, halitoki. Nilikuwa darasa la pili. Herufi nilizijua. Mwalimu wetu alizigusa ubaoni kwa fimbo, na asiyetazama alichapwa, kwa sababu herufi, alisema, zinaingia kwa macho. Vitu alivyoandika Idi siku zote vilikuwa ni vitundu kwenye karatasi ngumu, na mimi nilivichukulia kama mchezo wao wa Buigiri, si kuandika. Lakini hii ilikuwa "shikamoo", nami nilichungulia kwenye kioo nikaiona kwa macho yangu, herufi kwa herufi. Mtu asiyeona hawezi kuandika herufi. Idi ameandika herufi. Basi Idi anaona.

Sikumwambia mtu. Nililala nalo. Asubuhi nikaanza kumchunguza, na ajabu ni kwamba kila nilichokichunguza kilinipa jibu lile lile. Nilisimama mlangoni bila kupumua, naye akasema, "Rehema, sogea, unaniziba jua." Nilimwekea kikombe cha chai upande wa kulia bila kusema kitu, naye akanyoosha mkono moja kwa moja. Mama Zuhura alipokuwa bado yuko nje ya geti, Idi alisema, "Mama Zuhura anakuja, tena ana mzigo." Mambo hayo nilikuwa nikiyajua tangu zamani. Ndivyo Idi alivyokuwa. Lakini sasa yote yaligeuka ushahidi. Nilimtolea ulimi, hakufanya kitu. Nikajiambia, anajikaza.

Sijui jinsi ya kueleza nilivyojisikia siku zile. Nilikasirika, kwa sababu kama anaona, bega langu alikuwa akilishika la nini? Lakini chini ya hasira kulikuwa na furaha. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Sanduku lake la bati lilishatolewa chini ya kitanda na kupigwa jua. Kama anaona, Buigiri ya nini? Angesoma pale pale Majengo, shule yangu mimi. Angelala nyumbani kila siku. Kilichobaki ni mtu mkubwa alijue hilo kabla sanduku halijafungwa.

Kwa hiyo nikamwambia Mama.

Alikuwa uani peke yake, amekaa na ungo, anapepeta mtama wa kupeleka sokoni. Idi alikuwa upande wa pili ukutani na simu mapajani. Baba Mdogo alikuwa amemwachia akienda Kondoa, akisema, "Kaa nayo tu, nikirudi naipitia nikauze." Nilimwinamia Mama sikioni nikasema:

"Mama, Idi anaona."

Ungo ukasimama hewani.

"Umesemaje?"

"Anaona. Anatuficha. Ameandika herufi, Mama, si uliona? Na nimemjaribu. Anaona kila kitu."

Nilitegemea anikaripie. Hakunikaripia. Aliuweka ungo chini kwa uangalifu mno, kama kwamba una maji, akainuka. Ni mtu mzima, alijua taipu ni nini, Idi alishaeleza wote wakisikia. Ndiyo sehemu ninayoizunguka mpaka leo bila kupata mlango wake. Alijua. Na bado aliinuka. Alivua kandambili akaziacha pale kwenye ungo, akauvuka ua miguu mitupu, akasimama mbele ya mwanawe. Alinyanyua mkono. Akaupitisha mbele ya macho yake taratibu, kulia, kisha kushoto, kama mtu anayepeleka kibatari.

Idi aliinua uso.

"Mama?" akasema. "Mbona umesimama?"

Niliruka. Kweli niliruka, miguu yote miwili. Na nilimwona Mama usoni. Sijawahi tena kuuona uso ule kwa mtu yeyote, na nimeshazaa watoto wanne na kuona mengi. Ulifunguka. Ulikuwa uso wa msichana nisiyemjua.

"Umejuaje ni mimi?" akauliza, na sauti haikuwa yake.

Idi akacheka. "Si unanuka mtama? Na makapi yananidondokea miguuni."

Mkono wa Mama ulikaa hewani kidogo zaidi. Kisha akautumia kumtoa Idi kapi moja kwenye nywele, akasema, "Haya. Usikae sana kwenye upepo." Akarudi, akavaa kandambili zake, akachukua ungo, akaendelea kupepeta. Mtama ule ulikuwa safi. Haukuwa na kapi hata moja, nilikuwa nimesimama juu yake nikiuona. Aliupepeta mpaka jua likazama, nami nikisubiri aniambie kitu, anipige, anicheke, lolote. Jioni tulikula ugali wa mtama na mlenda, na alinipa mimi ukoko.

Aliyesema ni Idi. Kesho yake aliniita tukae ukutani.

"Ulimwambia nini Mama jana?"

Nikamwambia. Nilidhani atakasirika au atakiri. Aliifungua na kuifunga ile simu, *tak*, *tak*.

"Leta kanga," akasema.

Nilileta. Akanifunga macho, akakaza fundo nyuma mpaka nikaona rangi nyekundu, akaniwekea simu mapajani. Akashika vidole vyangu. Mikono yake ilikuwa ya baridi kwa sababu ya ule upepo.

"Andika Rehema."

"Sioni."

"Sawasawa. Andika."

Nilipapasa. Vitufe vyote vilikuwa kitu kimoja, kama mbegu zilizomwagika. Nikabonyeza popote, nikachungulia chini ya kanga, nikakuta nimeandika takataka. Akasikia nilivyogeuza kichwa akanipiga konzi. "Usiibe." Kisha akaongoza kidole changu mpaka kwenye kipele kimoja, kidogo kama chunusi inayoanza.

"Hapa. Na mwenzake huyu hapa. Ukipotea, usihangaike, rudi hapa kwanza. Kutoka hapa R iko juu huku, karibu kabisa. E jirani yake. Unaona?"

"Sioni!"

"Basi hivyo ndivyo ninavyojua," akasema. "Siyo kuona. Ni kukumbuka mahali."

Nilianza kulia ndani ya kanga. Hakunifungua. Nadhani alijua ni afadhali nilie nikiwa nimefunikwa. Nilimwambia nilitaka asirudi Buigiri. Akasema anajua. Akasema Buigiri ana rafiki, ana taipu, ana mwalimu anayemchapa kwa kosa kama wanafunzi wengine, na kwamba nyumbani kila mtu humpa kiti. Hilo sikulielewa. Mimi nilidhani kupewa kiti ni jambo zuri.

Aliondoka shule zilipofunguliwa. Nilimpeleka mpaka stendi na mkono wake begani, na nilitembea polepole kuliko ilivyohitajika. Simu haikuruhusiwa shuleni, ikabaki kwenye sanduku la Mama, ndani ya soksi. Baba Mdogo kila alipopita na lori aliuliza, "Ile simu yangu ipo?" Mama anamjibu, "Ipo." Anasema, "Haya, safari ijayo naipitia nikauze." Alisema hivyo miaka mingi. Mpaka akaacha kuendesha lori alikuwa bado hajaipitia.

Idi aliitumia mpaka ukubwani, hata kioo chake kilipokufa na kila fundi akamwambia si simu tena. Kwake kioo hakikuwahi kuwaka. Alituandikia ujumbe kutoka popote alipokuwa, nasi tulimpigia kumjibu kwa sauti. Mwisho wa kila ujumbe aliandika yale yale, kwa mzaha: nisomee kama nimepatia. Mimi namwambia, "Umepatia, kaka," hata kama herufi mbili tatu zimekwenda pembeni. Baadaye utepe ulikatika kama fundi wa kwanza alivyosema, akaitia ndani ya soksi, akanunua nyingine inayosema yenyewe. Hakuitupa hii.

Mama alifariki bila kuutaja tena mkono ule. Nami sikumuuliza. Nimefikiri sana, hasa katika siku hizi arobaini: nilimfanyia ubaya, au nilimpa kitu? Pumzi moja tu, labda mbili, Mama alikuwa na mwana anayeona. Sijui kama mtu hushukuru kwa kitu cha namna hiyo. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na hili hata aliyesoma zaidi sidhani angenijibu.

Yusufu alikuwa akinitazama kutoka mkekani. Nilikuwa nimeshaifungua ile simu mapajani. Droo bado inalia, ingawa sasa inakwaruza kidogo. Nilitafuta vile vipele viwili, na nikavikosa, vimelika, hadi nilipoacha kutazama. Nilifumba macho. Vidole vikaenda vyenyewe vikakaa. Kutoka hapo nikabonyeza, taratibu, neno kwa neno, na nafasi chini, ndefu.

"Umeandika nini, Shangazi?" Yusufu akauliza.

"Salamu," nikamwambia. "Ila sijui kama nimepatia."